Nyumba ya Kale Pwani: Zanzibar, Lamu, Bagamoyo au Ilha de Moçambique?

Swali hili nalisikia sana siku hizi hapa Kisumu, na marafiki wa Nakuru wanasema hata kwao limeingia. Mtu amestaafu ualimu, au biashara imemwendea vizuri, watoto wamemaliza chuo, boma la kwao Siaya au Vihiga limesimama, na bado kuna akiba kwenye sacco isiyo na kazi. Alikwenda Zanzibar na mwenzake, wakazunguka vichochoro vya Mji Mkongwe, wakala urojo Forodhani, na sasa simu yake imejaa picha za milango ya nakshi pamoja na namba ya dalali anayemtumia ujumbe wa sauti: "Mwalimu, nyumba ni ghorofa tatu, bahari unaiona dirishani. Wewe ni mtu wa Afrika Mashariki, mambo yako mepesi."

Mambo si mepesi, lakini pia hayajafungwa. Nimeipima hapa miji minne ambayo watu wa huku huiulizia. Mitatu iko nje ya nchi: Mji Mkongwe wa Zanzibar, Bagamoyo na Ilha de Moçambique. Wa nne ni Lamu, ambao ni wetu, na nimeuingiza makusudi kwa sababu mtu akipiga hesabu za ng'ambo bila kuitazama Lamu, hesabu zake hazijakamilika. Wote ni miji ya mawe, ya biashara ya bahari na ya Uislamu wa karne nyingi, na mitatu kati yake imo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO: Ilha de Moçambique tangu 1991, Mji Mkongwe tangu 2000, Lamu tangu 2001.

Kitu ninachomwambia kila anayeniuliza ni hiki: bei na mandhari viache mwisho. Linganisha kwanza karatasi utakayomwachia mwanao, kisha umjue mtu atakayepaka ukuta wako chokaa wakati wewe uko Kisumu. Miji hii inapishana sana kwa mambo hayo mawili, kuliko inavyopishana kwa uzuri.

Karatasi: unapewa nini hasa?

Tuanze Zanzibar, ndiko macho ya wengi yaliko. Sheria ya ardhi ya Zanzibar ya mwaka 1992 inasema ardhi yote ya visiwani ni mali ya umma iliyo chini ya Rais wa Zanzibar, na haki ya kudumu ya kuitumia hupewa Mzanzibari. Mtanzania wa Tarime au Mwanza hapati haki hiyo, seuze Mkenya wa Kondele. Mgeni hupewa mkataba wa kukodishwa kwa miaka maalumu, ambayo inaweza kufika hadi 99, na njia ya kawaida ni kupitia mamlaka ya uwekezaji, ZIPA, akiwa na mradi: nyumba ya wageni, mkahawa, karakana ya sanaa. Nyumba ya wewe na mkeo kupumzikia Desemba si mradi.

Kuhusu hilo la "mtu wa Afrika Mashariki", Itifaki ya Soko la Pamoja ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, inalijibu wazi katika kifungu cha 15: suala la kupata na kutumia ardhi linafuata sera na sheria za kila nchi. Jumuiya inakurahisishia kuvuka mpaka, kufanya kazi na kufanya biashara, lakini haikupi kiwanja. Wala tusione tumebaguliwa. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 65, inamwekea asiye raia mpaka huohuo wa kukodi kwa muda usiozidi miaka 99. Mtanzania anayetamani nyumba Lamu anakutana na ukuta uleule tunaokutana nao Zanzibar.

Ndani ya Mji Mkongwe kwenyewe, jambo la pili ni kujua nyumba ni ya nani. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 nyumba nyingi za mawe zilichukuliwa na serikali. Nyingine ni za wakfu, zinasimamiwa na Kamisheni ya Wakfu. Nyingine ni za familia. Mnunuzi kutoka Mumias ataelewa haraka maana ya wakfu: mali iliyowekwa kwa ajili ya Mungu haiuzwi, na anayedai kuiuza anauza kisicho chake. Unaweza kuipanga, unaweza kuingia mkataba wa kuikarabati, lakini usilipe "bei ya kununua" kwa mtu yeyote. Nyumba ya serikali nayo hutolewa kwa mkataba wenye masharti ya ukarabati na muda wa kuukamilisha. Ya familia ndiyo inayoleta kazi kubwa zaidi, kwa sababu Mzanzibari hawezi kukuhamishia wewe mgeni haki yake ya ardhi kama anavyomhamishia Mzanzibari mwenzake. Lazima upite serikalini upate mkataba wako.

Hapo ndipo linapoingia shauri ambalo limewaunguza watu wengi: "Tuiandike kwa jina la rafiki yako wa hapa, halafu ninyi wawili muwekeane karatasi pembeni." Nalikataa shauri hili moja kwa moja, hata kama rafiki huyo ni mtu mwema kabisa, mmekula naye, amekuja hadi mazishi ya baba yako. Wema wake hauingii kwenye daftari la msajili. Siku akifariki, mirathi itagawa kilichoandikwa kwa jina lake, na watoto wake, ambao hawakujui, watakuwa na haki zote. Karatasi yenu ya pembeni itasomwa mahakamani kama ushahidi kwamba mlijua sheria na mkaikwepa. Kama moyo wako uko Zanzibar na huna mradi wa kupeleka ZIPA, afadhali upange nyumba kwa miaka mitano mitano kwa mkataba safi kuliko "kumiliki" kwa jina la mtu.

Ipo njia moja ya kisheria iliyo nyepesi. Tangu sheria ya mwaka 2010 kuhusu majengo ya ghorofa yenye wamiliki wengi, mgeni anaweza kununua nyumba ndani ya jengo la namna hiyo na kuandikishwa kwa jina lake. Mitaa mipya ya Fumba, kusini mwa mji, imejengwa kwa msingi huo. Karatasi yake ndiyo safi kuliko zote kwa Mkenya huko visiwani. Lakini si nyumba ya kale. Ni fleti mpya yenye maegesho, na Mji Mkongwe utauendea kwa daladala. Kwa baadhi ya watu niliowashauri hilo limetosha kabisa. Kwa aliyependa ule mlango wa nakshi, halikumgusa.

Lamu iko upande wa pili kabisa wa mizani. Wewe ni raia, kwa hiyo unaweza kumiliki moja kwa moja, bila kikomo cha miaka, bila mradi, bila kuomba ruhusa ya uwekezaji. Mwanao anarithi kama atakavyorithi shamba lako la Ahero. Hatimiliki ikiwepo, benki ya hapa Kisumu itaitazama kama dhamana. Ugumu ni kwenye hilo neno "ikiwepo". Nyumba nyingi za mji wa kale wa Lamu zimepita mkononi mwa baba hadi mwana kwa vizazi bila mtu kuona haja ya kwenda ofisi ya ardhi. Tuseme nyumba imeachwa na bibi aliyefariki miaka thelathini iliyopita. Warithi ni kumi na mmoja: watano wako Lamu, watatu Mombasa, wawili Oman, mmoja hajulikani aliko. Anayekuonyesha nyumba ni mmoja tu wa wale watano, na ufunguo anao kwa kuwa ndiye anayeishi humo. Fungu lake anaweza kuliuza. Nyumba hawezi. Usitoe hata arubuni mpaka uone hukumu ya mirathi kutoka kwa Kadhi, majina yote yakiwa yametajwa, na kila mmoja ametia sahihi au ametoa wakala wa kisheria.

Wala usidhani hatimiliki ya Lamu ikishapatikana basi umelala usingizi. Mwaka 2014 serikali ilifuta hati za kampuni 22 zilizojitwalia takriban ekari laki tano katika kaunti hiyo. Hayo yalikuwa mashamba makubwa ya bara, hayahusiani na nyumba za mji wa mawe, lakini yalionyesha kwamba hati ya Lamu inafaa ichunguzwe ilikotokea, hadi mmiliki wa kwanza.

Bagamoyo, kilomita 70 hivi kaskazini ya Dar es Salaam, iko chini ya sheria ya ardhi ya Tanzania Bara ya 1999. Maneno yake kwa mgeni ni makali: asiye raia hapewi ardhi isipokuwa kwa uwekezaji ulioidhinishwa, na hata hapo anapewa haki inayotokana na ile ya taasisi ya uwekezaji ya serikali. Muda ukiisha, ardhi inarudi kwa taasisi hiyo. Tena mwaka 2025 Tanzania ilitoa amri inayowazuia wageni kufanya aina kumi na tano za biashara ndogo, zikiwemo duka la vinyago, uongozaji wa watalii na udalali wa nyumba. Wakenya walilalamika sana, lakini amri ilitoka. Ukifikiri kwamba utanunua nyumba ya zamani Bagamoyo, uishi juu na chini ufungue duka la vinyago, basi mpango wako umefungwa pande zote mbili.

Ilha de Moçambique ina utaratibu wa peke yake. Kwa sheria ya 1997 ardhi ya Msumbiji ni ya taifa na haiuzwi, haiwekwi rehani. Kinachouzwa ni jengo. Anayenunua nyumba mjini kihalali hufuatwa na haki ya kutumia ardhi iliyo chini yake, haki wanayoiita DUAT. Kwa mgeni DUAT huwa na muda, hadi miaka 50 inayoweza kurefushwa, na sheria inamdai mtu binafsi wa kigeni awe ameishi nchini miaka mitano na awe na mradi uliokubaliwa. Nyaraka zote ni za Kireno. Mwaka 1976 serikali ilitaifisha nyumba zote za kupangisha, kwa hiyo historia ya kila jengo lazima ipitie hapo: lilitaifishwa, likauzwa kwa mpangaji, au bado ni la serikali?

Ukuta wenyewe

Watu hunishangaa ninapowaambia wakifika kuona nyumba wasianze na mwonekano wa bahari juu ya paa. Waanze chini, nyuma ya ngazi, mahali penye giza.

Nyumba hizi, za Lamu na za Zanzibar, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyounganishwa kwa udongo na chokaa, unene wa nusu mita au zaidi, na dari zimebebwa na boriti za mikoko. Boriti hizo ndizo zilizoamua upana wa vyumba. Mti wa mkoko haukupi urefu wa kutosha kuvuka zaidi ya mita tatu hivi, ndiyo maana vyumba vya kale ni virefu na vyembamba. Ukiona nyumba ya kale yenye sebule pana ya kisasa, uliza ukuta uliotolewa ulikuwa unabeba nini.

Sasa mkono wako uguse ukuta. Ukuta uliopakwa chokaa huwa na ubaridi mkavu, na ukiukwaruza kwa ukucha unatoa vumbi jeupe laini. Ukuta uliopakwa saruji na rangi ya mafuta hung'aa vizuri kwa miezi michache, kisha unatoka malengelenge karibu na sakafu, na ukiyavunja ndani unakuta chumvi nyeupe na mchanga uliolowa. Sababu ni kwamba jiwe la matumbawe hunyonya unyevu kutoka chini na kutoka hewani, na chokaa huuacha unyevu huo utoke. Saruji inauzuia. Maji yanabaki ndani ya ukuta, chumvi inakua, udongo wa katikati unalainika, na zile boriti ambazo ncha zake zimezamishwa ukutani zinaanza kuoza pale pale msipopaona. Kwa hiyo angalia ncha za boriti, kila moja. Bonyeza kwa kisu kidogo mahali inapoingia ukutani. Kikizama kama kwenye mhogo uliochemshwa, chumba hicho hakifai kulalwa.

Kwa nini nakaa sana hapa? Kwa sababu fundi wetu wa Nyalenda au wa Nakuru, hodari kabisa kwa mawe ya kuchonga na zege, ndiye watu wengi hufikiria kumpeleka pwani kwa kuwa wanamwamini. Atakufanyia kazi nadhifu ya saruji, na kazi hiyo itaiumiza nyumba. Chokaa kinataka fundi wa chokaa: huzimwa kwa maji na kuachwa kitulie kabla ya kutumika, hupakwa kwa matabaka membamba, na kila tabaka hungojewa. Mafundi hao wapo Lamu na wapo Zanzibar. Ilha de Moçambique wapo pia, ingawa utaelewana nao kwa Kireno au Kimakua. Bagamoyo nyumba nyingi za kale zimeachwa kwa muda mrefu hadi zimebaki kuta bila paa, na huko unajenga upya zaidi ya kukarabati.

Atakayedhani haya ni madogo aikumbuke Beit al-Ajaib, Jumba la Maajabu, iliyojengwa 1883 kwa ajili ya Sultani Barghash, jengo mashuhuri kuliko yote pale Forodhani. Tarehe 25 Desemba 2020, ukarabati ukiwa unaendelea, sehemu yake ya mbele iliporomoka na watu wawili wakafariki. Hilo lilikuwa jengo la serikali lenye wataalamu na wafadhili. Nyumba yako itakuwa na wewe peke yako.

Halafu kuna ruhusa. Zanzibar, Mamlaka ya Mji Mkongwe ndiyo inayopitisha ukarabati: huruhusiwi kuongeza ghorofa, kupanua dirisha, kubadilisha mlango wala kupachika bati la rangi kama upendavyo. Lamu ni vivyo hivyo, Makumbusho ya Taifa na kaunti wana sauti katika kila badiliko ndani ya eneo lililohifadhiwa. Naliunga mkono jambo hili kwa moyo wote, kwa kuwa bila ulinzi huo mji ungekuwa umeshageuka na usingekuwa na sababu ya kuutamani. Lakini liingize kwenye hesabu. Lamu ongeza na punda: mchanga, mawe, chokaa na maji vinafika kwa mashua hadi gatini, kisha kwa mgongo wa punda hadi mlangoni. Bei ya fundi Kisumu ukiichukua kama kipimo, utaishiwa pesa katikati ya paa.

Nani anabaki na ufunguo?

Nyumba ya kale haifungwi ikaachwa. Mfereji wa paa ukiziba majani mwezi Aprili, ukuta unakunywa maji hadi Juni. Kwa hiyo umbali kutoka Kisumu ni sehemu ya bei.

Zanzibar unafika siku hiyohiyo kwa ndege kupitia Nairobi, au kwa basi kupitia Isebania na Sirari, Mwanza, hadi Dar es Salaam, kisha boti ya saa mbili hivi. Safari ya basi ni ndefu na inachosha mwili wa mtu wa miaka sitini. Lamu nayo ni ndege hadi Manda na kuvuka kwa boti, au barabara ya Mombasa, Malindi, Garsen hadi Mokowe. Barabara hiyo imewahi kushambuliwa, na tangu mauaji ya Mpeketoni ya Juni 2014 usalama wa bara ya Lamu umebaki jambo la kuulizia kabla ya kila safari. Kisiwa chenyewe kimekuwa na utulivu zaidi, ila nchi za nje zikitoa tahadhari kwa raia wao, wageni wanapungua na nyumba ya kupangisha inakaa tupu. Ilha de Moçambique ni kisiwa cha urefu wa kilomita tatu hivi kilichounganishwa na bara kwa daraja, kizuri kupita maelezo, lakini kutoka Kisumu ni ndege juu ya ndege, na bado barabara kutoka Nampula. Kimbunga Gombe kilipiga eneo hilo Machi 2022, kikafuata Jude Machi 2025. Vita vya Cabo Delgado, vilivyoanza Oktoba 2017, viko mkoa jirani upande wa kaskazini. Siwezi kumshauri mstaafu wa huku aweke akiba yake huko, isipokuwa ana kazi Msumbiji na anajua Kireno.

Mlinzi wa nyumba pia mchague kwa makini. Zanzibar, jitambulishe kwa sheha, yaani kiongozi wa serikali wa mtaa, kabla ya kusaini chochote. Mpe salamu zake, kaa, nywa kahawa, mweleze wewe ni nani na umetoka wapi. Sheha anajua nyumba ipi ina ugomvi wa ndugu na ipi dalali ameshaionyesha kwa watu wengine. Lamu wazee wa mtaa wanakupa habari ileile, na hawapendi mtu anayekuja na haraka. Wengine hupangisha ghorofa ya chini kwa familia ya hapo kwa bei nafuu, nao wanafungua madirisha, wanaona uvujaji mapema, wanasafisha mfereji. Kwangu mimi huo ni ulinzi bora kuliko kuajiri askari wa mlangoni.

Pesa

Sitataja bei za nyumba, kwa sababu hazifuati ukubwa. Zinafuata hali ya ukuta, idadi ya warithi na kama gari linafika. Nitataja yale yanayosahaulika.

La kwanza ni dola. Mikataba mingi ya Zanzibar kwa wageni huandikwa kwa dola, na kodi ya ardhi ya kila mwaka pia. Mwanzoni mwa 2024 dola moja ilifika takriban shilingi 160 za Kenya. Kabla mwaka haujaisha ilikuwa karibu 129. Aliyelipa dola 20,000 kwa bei ile ya kwanza alitoa shilingi milioni 3.2. Kwa bei ya pili angetoa kama milioni 2.58. Tofauti ni kama laki sita na elfu ishirini, yaani paa zima la chokaa na boriti mpya. Ukilipa kwa awamu, ujue unalipa kwa kufuata upepo wa dola. Lamu unalipa kwa shilingi uliyoipata kwa shilingi.

La pili ni ushuru. Kenya, mnunuzi hulipa ushuru wa stempu, asilimia 4 ya thamani mjini na asilimia 2 mashambani, na muuzaji hulipa asilimia 15 ya faida yake. Muuzaji atakayekuomba muandike bei ndogo kwenye mkataba anakutwika mzigo wake: siku utakapouza, faida yako itaonekana kubwa kwa kuwa ulikubali kuandika uongo.

La tatu ni mapato. Zanzibar ina wageni wengi kuliko miji mingine yote hapa, zaidi ya 700,000 mwaka 2024, na nyumba ya wageni iliyosimamiwa vizuri Mji Mkongwe inajilipa. Inasimamiwa vizuri na mtu aliye pale. Bagamoyo wageni wengi huja kwa siku moja kutoka Dar, wanaona magofu ya Kaole, misheni ya zamani na Chuo cha Sanaa, wanarudi. Wako watakaokuambia bandari kubwa inakuja. Mpango wa bandari hiyo ulitiwa sahihi 2013 na ukakwama, ukasemwa tena, ukakwama tena. Usinunue nyumba kwa ahadi ya bandari.

Nani aende wapi

Kama unataka kitu cha kurithisha, na una subira ya kukaa na wazee na Kadhi hadi kila mrithi apatikane, nenda Lamu. Ndiyo pekee katika minne ambako mwanao hataamka siku moja akaambiwa miaka imekwisha.

Kama wewe ni mtu wa biashara, una mradi wa kweli wa wageni au chakula, na mmoja wenu yuko tayari kuhamia, Mji Mkongwe una nafasi kubwa kuliko mahali pengine popote. Nenda na wakili wa Zanzibar anayekuwakilisha wewe peke yako, asiwe yule aliyeletwa na dalali. Katika mkataba soma mambo matatu kwa macho yako: nini kinatokea ukifa kabla muda haujaisha, nani anamiliki ukarabati uliofanya, na kwa masharti gani unaweza kumhamishia mtu mwingine. Vifungu hivyo vikikosekana, rudisha karatasi.

Ukitaka tu kuwa karibu na mji wa kale na usiku ulale bila wasiwasi wa sheria, chukua fleti ya Fumba. Bagamoyo nawaachia wawekezaji wenye kampuni na mawakili. Na kama kinachokuvuta hasa ni nyumba ya zamani yenye baraza na upepo wa maji, wala si Bahari ya Hindi yenyewe, kabla ya kuvuka mpaka kaangalie maduka ya kale ya Wahindi kule Kendu Bay. Ni mwendo wa asubuhi moja kutoka Kisumu, unakwenda na fundi wako, na sheria yake unaijua.

Kwa atakayechagua pwani, lipa kodi ya miezi miwili uishi katika mtaa uleule kabla hujanunua chochote, na uchague Aprili na Mei, masika ikiwa imekolea. Madalali watakuambia usubiri Julai kukiwa na jua na vipupwe. Wewe shikilia Aprili. Ndiyo miezi ambayo kila paa la mji linaonyesha lilipotoboka, na wenye nyumba wana nafasi ya kukaa kuzungumza.